Mwanamke wa Tura na Pembe ya Chuku

Mtu akitia chumvi maneno tunasema anapiga chuku. Sasa mimi ninataka kukusimulia habari ya chuku yenyewe, ile pembe ya kuumikia, na ninajua hilo jina peke yake litakufanya unicheke kabla sijafika popote. Cheka tu. Lakini haya yalinipata mimi, hapa hapa Tabora mjini, mchana, akili zangu zikiwa timamu na tumbo limeshiba wali. Na shahidi ninaye, yu hai. Ukitaka kumwuliza, duka lake la ushonaji lipo wazi kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimeinua wagonjwa, nimegeuza wagonjwa, nimebeba hadi wanaume wazima peke yangu pale machela zilipokosekana. Nilipostaafu niliondoka na bega bovu la kulia. Mkono haukupanda kupita kidevu. Nilitumia vidonge, nikachomwa sindano, nikafanya mazoezi ya kuvuta kamba ukutani, wapi! Kilichoniuma zaidi ya maumivu yenyewe ni mjukuu wangu, ambaye nilizoea kumsuka kila Jumapili jioni. Ikabidi apelekwe saluni. Usione ni jambo dogo. Kwetu kichwa cha mtoto huwa mapajani kwa bibi yake, na huko ndiko anakosikia habari zote za ukoo.

Jirani yangu ni Mzee Shabani, fundi cherehani, mtu wa mjini kutoka kwa babu zake. Yeye ana ugonjwa wa kukusanya vitu vya zamani, lakini si kila kitu. Anakusanya vya tiba na vya kujitunza mwili tu. Chumba cha mbele cha nyumba yao ya urithi, ile yenye kuta nene za udongo na mlango wa nakshi, kimejaa makabati ya vioo. Masika ya mwaka jana aliniita.

"Nesi, hebu njoo unisaidie. Nataka watoto wa shule waje waone, lakini nusu ya vitu hivi sijui vinaitwaje."

Nikaenda. Ewe ndugu, nilivyofungua yale makabati! Nilikuta bomba la sindano la kioo kwenye kikopo chake cha bati, kama yale tuliyokuwa tukichemsha kwenye jiko la mkaa nilipoanza kazi. Nikakuta chupa za dawa za rangi ya buluu, zenye mistari ubavuni ili mtu akishika gizani ajue ni sumu. Upande wa pili kulikuwa na machanuo ya mpingo, vidau vya wanja na vijiti vyake, wembe wa kukunja, jiwe la kusugulia visigino, chetezo cha kufukizia nguo. Kidau kimoja nilipokifungua bado kilinukia. Nilisimama nacho pale mkononi nikashindwa kukirudisha, maana ilikuwa harufu ya bibi yangu mzaa mama, alipokuwa akijiandaa kwenda harusini.

Bibi yangu huyo alikuwa akipiga chuku. Tuliishi upande wa Kipalapala, na siku za kupumzika wakulima walikuja uani kwake, wakakaa kwenye vigoda, migongo wazi, kila mmoja na pembe zake zimemganda kama kupe. Sisi watoto tulifukuzwa, tukachungulia hivyo hivyo. Nilipokwenda kusomea unesi bibi alicheka akasema nitafanya kazi ile ile yake, ila mimi nitavalishwa gauni jeupe.

Ndiyo maana nilipoiona ile pembe kwenye kabati la mwisho, niliitambua mara moja. Ilikuwa pembe fupi ya ng'ombe, nyeusi, imelainika kwa kushikwa, na tundu dogo kwenye ncha. Nta ya kuzibia tundu ilishakauka na kupukutika zamani.

"Hii umeitoa wapi?" nilimwuliza Mzee Shabani.

"Tura," akasema, halafu akaanza kuzungumza habari nyingine.

Siku hiyo baada ya chakula mvua kubwa ilishuka. Unaijua mvua ya Tabora inavyopiga bati, huwezi kusikia hata redio. Ilipopungua kidogo ikaadhiniwa alasiri, Mzee Shabani akachukua mwavuli wake akaenda msikitini. Nikabaki peke yangu ninafuta vioo kwa mkono wa kushoto.

Nikasikia mtu mlangoni. "Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya asubuhi kwetu Wanyamwezi, na hapo jua lilishapinda. Niligeuka nikaona mwanamke wa makamo, mwembamba, mrefu, amejifunga kaniki nyeusi kifuani kama walivyofunga wanawake wa zamani, shanga nyekundu shingoni. Nikamwitikia, nikamkaribisha ajikinge mvua. Ndipo nikamtazama miguu. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Vumbi kavu! Nje maji yanatiririka kama mto, na yeye kaniki yake haina hata tone.

Wewe ungefanyaje? Ungekimbia? Mlango ulikuwa mmoja na yeye ndiye aliyesimama hapo. Lakini nikwambie kweli, sikuogopa. Nilijisikia kama ninapokuwa wodini na mgonjwa anaingia amechoka, nikasogeza kiti.

"Wenzangu wamepita?" akauliza.

"Wenzako gani, mama?"

"Wale wa mizigo. Tulilala Tura. Wakatangulia, mimi nikabaki na mdogo wangu, ana homa."

Nikadhani anasema habari za treni, maana Tura ina stesheni. Nikamwuliza kama treni imeharibikia njiani. Alinitazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ngeni. Kisha akaingia ndani, taratibu, akayapita machanuo, akavipita vidau, hakugusa kitu, mpaka kabati la mwisho. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Yangu hii," akasema. "Mbona imekauka hivi?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mama anayemkuta mwanawe amekonda. Na mimi, niliyepewa funguo na kuambiwa nisimfungulie mtu yeyote, nikafungua. Aliishika ile pembe, akaigeuza, akaipangusa kwa pindo la kaniki, na humo humo kwenye pindo akafungua fundo akatoa bonge la nta. Akaitia mdomoni akaitafuna. Harufu ya asali ilijaa chumba kizima.

"Kaa," akaniambia.

Maisha yangu yote mimi ndiye ninayewaambia watu wakae. Nikakaa. Akasogeza gauni langu begani, akanigusa nyuma, kwenye mfupa bapa wa bega, mahali pale pale ambapo madaktari walikuwa wakipatafuta. Kidole chake kilikuwa baridi kama chupa iliyotoka mtungini.

"Umebeba sana," akasema.

"Sijabeba mzigo mimi, mama. Nilikuwa nesi."

"Umebeba watu. Watu ni wazito kuliko pembe za ndovu. Pembe hailii ukiibeba."

Akaiweka pembe, akavuta pumzi kupitia tundu, mara moja, mara ya pili, nikahisi ngozi yangu inapanda ndani. Akaziba tundu kwa nta, akiisukuma kwa ulimi. Hakunichanja. Akasimama nyuma yangu mkono wake ukiwa kichwani kwangu, akawa ananichambua nywele kidogo kidogo kama bibi alivyonichambua, na huku anasimulia. Alisema wapagazi wana sugu begani kama nundu, na wakifika kambini humjia yeye kabla ya kula. Akasema njiani hapo Tura kuna maji mazuri chini ya mchanga, na usiku wanawake hucheka sana kwa sababu miguu ikiuma mno huna la kufanya ila kucheka. Nilifumba macho. Ninakuapia, nilisikia harufu ya moshi wa kuni za miombo, nikasikia kelele za watu wengi wanaotua mizigo. Nilijiona mtoto. Machozi yalinitoka na sikuwa na huzuni yoyote.

Kisha sauti yake ikashuka.

"Nilimwekea mdogo wangu pembe hii mgongoni. Nikamwambia asitikisike, nakwenda kumchotea maji, nakuja. Na mimi homa ilikuwa imenishika, sikumwambia. Nikaketi kidogo tu nipumzike."

Nami sikuuliza kilichofuata. Nimekaa na wengi waliokuwa wanakufa, ninajua maneno yanavyoishia.

"Mayo," akaniita, yaani mama, japokuwa tulikuwa rika moja. "Ukipita Tura mwambie nilikuwa narudi."

"Nitamwambia," nikasema.

"Na pembe usiing'oe. Itobolewe nta kwa ukucha, itaachia yenyewe."

Hapo nikasikia mwavuli unakung'utwa mlangoni. Mkono kichwani kwangu haukuwepo tena. Mzee Shabani alisimama pale kizingitini, kanzu imelowa pindo, macho yamemtoka.

"Nesi! Nani amekuwekea hicho kitu mgongoni?"

Umeelewa? Pembe ilikuwa imeshika nyuma ya bega langu, mahali ambapo mkono wangu mwenyewe haufiki, na nta ilikuwa laini, bado ina alama ya ulimi. Mzee Shabani hakukutana na mtu barazani. Sakafuni palikuwa na maji ya viatu vyake yeye, na mbele ya kabati la mwisho vumbi jekundu, jembamba kama unga. Nilimwambia atoboe nta kwa ukucha. Akatoboa, pembe ikaachia na kudondoka kiganjani kwake. Akaanza kusoma dua palepale, hakunyamaza kwa kitambo kirefu.

Alipotulia ndipo aliponieleza. Familia moja ya huko Tura ilikuwa ikichimba msingi wa nyumba ikakuta mifupa. Mtu mmoja alikuwa amelala kifudifudi, na hiyo pembe katikati ya mbavu za mgongo. Wa pili alikuwa kando, ameketi amejikunja, shanga nyekundu shingoni. Waliifukia mifupa upya pembeni ya shamba, nyumba wakaisogeza. Pembe wakaogopa kubaki nayo, wakampa yeye aliyekuwa akipita kutafuta vitu vya kale.

"Nilidhani ninaiokoa," akasema.

"Hukujua, mzee. Lakini sasa tunajua."

Tulipanda treni kwenda Tura wiki hiyo hiyo, mimi na yeye, pembe nimeifunga kwenye kanga. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mjane. Tulimwamkia, tukamweleza, na hakushangaa hata kidogo. Alisema tangu pembe iondoke, mvua ikinyesha alasiri alikuwa akisikia mtu anapita nyuma ya nyumba anaita, "Umekaa? Usitikisike." Akatuonyesha mahali. Tukachimba, tukaiweka. Mzee Shabani akaomba dua kwa dini yake, nami nikasali kwa dini yangu. Kisha nikapiga magoti kwenye udongo ule, nikasema kwa sauti, kwa Kinyamwezi cha bibi yangu, "Dada yako alikuwa anarudi. Hakukuacha. Alikuwa anarudi."

Yule mama mjane alilia. Mzee Shabani aligeukia upande mwingine akawa anafuta miwani yake.

Tangu siku ile mkono wangu unapanda. Ninafika juu ya kichwa, ninaanika nguo, na mjukuu wangu amerudi mapajani kwangu kila Jumapili. Mwezi uliopita alinisikia ninamwambia "usitikisike", akauliza mbona sauti yangu imebadilika.

Alama nayo haijafutika. Ni duara nyuma ya bega, wekundu uliofifia. Nilimwonyesha daktari mmoja kijana, akasema alama ya kuumikwa huisha kwa siku chache. Hii yangu imepita mwaka. Haiumi. Ila mvua ikianza alasiri, ngozi hapo inavuta, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi, halafu inaachia. Nami huacha ninachokifanya nikaenda mlangoni kutazama barabara. Sijamwona tena. Nikikuficha kwamba ninatamani kumwona, nitakuwa mwongo.

Lakini wewe usitamani. Ninasema nawe uliye na sanduku la marehemu uvunguni, lenye chanuo, wembe, kidau cha wanja, miwani, au pembe kama ile. Vitu vya shamba na vya jikoni husahau haraka. Kilichogusa mwili wa mtu anayeumwa, au kilichompamba mtu anayependwa, hicho hakisahau. Kabla hujakisugua king'ae, kabla hujampa mkusanyaji anayepita, uliza kilikuwa cha nani, na kilitumika kwa nani mara ya mwisho. Ukikosa wa kukujibu, kiweke mahali ambapo mwenyewe anaweza kukifikia, wala usijidanganye kwamba amekiacha. Huenda bado yuko njiani, anakuja.