Mama wa Sarafu ya Mkoa Wetu

Kama uliwahi kupoteza ufunguo katika mji ule, basi Hakimu unamjua. Kibanda chake cha kuchonga funguo kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, chembamba hata mteja mwenye kitambi alihudumiwa akiwa nje. Jina la Hakimu halikutokana na mahakama. Mahakamani aliingia mara moja tu maishani mwake, tena kubadilisha kitasa cha choo. Jina hilo alipewa na wenzake wa chama cha wakusanya sarafu, na walimpa kwa sababu ya ulimi.

Chama chenyewe kilikuwa cha watu wachache waliokutana Jumamosi katika chumba cha juu cha maktaba. Alikuwepo mwalimu mstaafu wa hesabu, daktari wa meno, na mama mwenye duka la fotokopi, pamoja na wengine waliokuja wakipata nafasi. Ukiwatazama ungedhani ni watu wa msiba, kila mmoja kainama kimya juu ya kitu kidogo mezani. Lakini ngoja waanze kutoa maoni. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa tayari kununiana mwezi mzima kwa sababu ya mkia wa ndege kwenye shilingi.

Mwaka mmoja benki kuu ilitoa sarafu za kumbukumbu za mikoa, kila mkoa na mchoro wake, na chama kikapata kazi ya kufanya. Sarafu ya mkoa wa ziwa ilikuwa na samaki, na mwalimu alisema haijapata kutokea samaki mwenye kope. Ile ya mkoa wa reli ilikuwa na treni, ila mchoraji alisahau reli. Daktari wa meno aliipinga ya mkoa wa milima kwa sababu milima ilikuwa imekaa kama magego.

"Wewe kila kitu jino," mama wa fotokopi akamwambia. Yeye alizipenda zote zenye maandishi makubwa, maana alizisoma bila miwani.

Neno la mwisho lilikuwa la Hakimu. Alikuwa akiiweka sarafu kwenye kitambaa cheusi, anavaa lenzi yake jichoni, anaanzia ukingoni na kuingia ndani polepole, halafu anahukumu. Na chama kilikuwa na sharti lililotungwa na yeye mwenyewe, nalo ni kwamba mwenye kuhukumu haambiwi chochote kabla. Haambiwi mchoraji ni nani, wala amechora nini, wala kwa nini. Sarafu ijisemee. Sharti hilo alilipeleka hadi nyumbani, na mkewe alishalijua kama anavyojua saa ya kuzima jiko.

Sasa nikuambie mapema jambo ambalo Hakimu hakulijua. Sarafu ya mkoa wao wenyewe ilikuwa na mwanamke aliyeinama juu ya miche, na mwanamke huyo alikuwa mke wake.

Mkewe alifanya kazi kwenye kitalu cha miche nje kidogo ya mji. Siku moja alikuja binti mchoraji, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akamchora tangu asubuhi hadi jua likawa kali, yeye akihamisha miche kutoka kwenye tuta kwenda kwenye mifuko yake midogo. Binti alimwambia picha ile huenda ikawekwa kwenye sarafu. Yule mama alirudi nyumbani na siri tamu kifuani kama msichana. Hakumwambia mumewe. Kwanza kwa sababu ya sharti. Pili, na hili ndilo kubwa, kwa sababu alitaka amtambue mwenyewe. Mwanamume aliyekaa maisha yake yote akitazama vichwa vya watu wengine kwenye sarafu, siku moja ashtuke aseme, jamani, huyu si mke wangu huyu? Alichotaka ni hicho tu. Mwombaji gani aliomba kidogo kuliko huyo?

Sarafu ilipofika ilikaa mezani kwao siku kadhaa, chini ya taa. Yule mama alipita nayo na chai, akapita na ufagio, akapita bila sababu. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Ndiyo ya mkoa wetu hiyo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na huyo mama hapo, unamwonaje?"

"Mama watoto, utaratibu unaujua. Subiri Jumamosi."

"Haya," akasema. "Basi Jumamosi na mimi nitakuja."

Hakimu alifurahi kupita kiasi. Miaka yote ile mkewe hakuwahi kukanyaga kwenye chama. Alidhani anakuja kumsikia mumewe anavyoheshimika. Akanyoa, akavaa shati la kola, na maneno akayafanyia mazoezi kibandani huku mashine ya funguo ikimpigia kelele. Mungu atusamehe sisi tunaojiandaa vizuri kwa ajili ya kujiaibisha.

Jumamosi yule mama alikuja na mdogo wake, wakaketi nyuma. Alivaa gauni lake la kutokea na mtandio wa kijani. Hakimu alimwona akiingia, akajiongeza urefu. Akavaa lenzi, akazunguka ukingo, akaingia ndani, akashusha pumzi.

"Ukingo mzuri. Maandishi yanasomeka, mama wa fotokopi leo utalala usingizi." Watu wakacheka. "Lakini ndugu zangu, huyu mwanamke! Huyu mwanamke katolewa wapi? Tazameni vidole hivi. Hivi ni vidole au mihogo? Mgongo umekunjwa kama kitasa kilichopigwa nyundo. Bega moja juu, moja chini, nadhani mchoraji alikuwa kakalia kiti kibovu. Na uso? Uso hauna habari. Ni uso wa mtu ambaye ukikutana naye njiani husimami. Mimi nimekaa mkoa huu tangu nizaliwe, mwanamke wa namna hii sijapata kumwona!"

Chumba kizima kilicheka. Mwalimu alifuta machozi. Hakimu, kwa kuwa mkewe yuko pale, akaongeza nyingine. "Kama nyumbani kwangu kungekuwa na wa hivi, ningelala kibandani."

Ndipo mdogo wake mkewe akasimama. Dada yake alimvuta gauni akae, naye hakukaa.

"Shemeji," akasema, "huyo unayemsema ni dada. Alichorwa pale kitaluni. Ndiye huyo, na wewe ndiye uliyemuoa."

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulimvunja mwenyewe. Hakimu alisimama na lenzi jichoni kama mtu aliyesahau inavyovuliwa. Alitazama nyuma ya chumba. Mkewe alikuwa anacheka. Alicheka kicheko kidogo cha adabu, cha kuwasaidia wenzake wasione vibaya, na wakati anacheka alikuwa akiingiza mikono yake chini ya mtandio, mmoja, kisha wa pili, mpaka vidole vyote vikafichika.

Hicho ndicho alichokiona Hakimu.

Wenzake walijaribu kumwokoa, wakaharibu zaidi. "Kwa kweli," mwalimu alisema huku akikohoa, "ukiitazama tena ina… ina mizani." Daktari wa meno akadakia, "Na meno yamechorwa vizuri sana." Mdomo wa yule mwanamke kwenye sarafu ulikuwa umefungwa. Mama wa fotokopi peke yake ndiye aliyekuwa na akili ya kunyamaza. Mke wa Hakimu aliinuka, akawaaga mmoja mmoja, akawashukuru kwa kumkaribisha, akatoka. Mikono hakuwapa.

Nyumbani Hakimu alitarajia vita. Angefurahi kupata vita. Badala yake alikuta chakula kimefunikwa mezani na maji ya kunawa yapo. Mkewe alimpakulia, akaweka sahani, na mkono ukarudi haraka kama uliogusa moto.

"Mama watoto, umekasirika."

"Nikasirike nini? Umesema ulichokiona."

"Sikujua kama ni wewe."

"Ndiyo," akasema, "hilo nimelisikia." Akaenda kukunja nguo.

Mji mdogo hauna siri. Kufikia katikati ya juma hadithi ilikuwa imeshafika hadi kibandani. "Hakimu, nichongee ufunguo, ila tafadhali usiutukane," mteja mmoja alimwambia. Mwingine aliuliza kama siku hizi analala pale chini ya ngazi, na kama kuna mbu. Hakimu alicheka nao, afanyeje? Lakini sarafu ile ilipoanza kuzagaa mjini na wateja wakawa wanamlipa nayo, hakuweza kuishika. Aliisukuma kwa kidole mpaka ikaanguka ndani ya droo. Watu walidhani ana madaha. Aliogopa uso ule usio na habari, kwa sababu sasa ulikuwa na habari zake zote.

Jumamosi iliyofuata alifanya wanachofanya wanaume wengi wakishikwa na aibu. Alitoa hotuba. Alisimama mbele ya chama akafuta maneno yake yote, akasema sarafu ya mkoa wetu ni bora kuliko za mikoa yote, na mwanamke yule ni pambo la taifa. Walimpigia makofi. Alikwenda nyumbani mbio mbio kuripoti.

Mkewe alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeitazama tena?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo sarafu unayoisifu. Umeitazama tena tangu siku ile?"

Hakimu akaanza kuokota punje za mchele zilizoanguka.

"Basi siku ile ulisema kweli, na leo umesema uongo," mkewe akamwambia kwa upole. "Mimi naona bora ile ya kwanza." Akaendelea na mchele wake.

Maneno yale yalimfanya Hakimu afunge kibanda siku ya kazi, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Alikwenda kitaluni. Kwa aibu yake nyingine, njia aliijua mpaka getini tu, maana huko ndiko alikokuwa akimsubiri mkewe siku za mvua. Ndani hakuwahi kuingia. Alipita kati ya matuta, na wanawake wa pale wakamtambua mmoja baada ya mwingine, wakainamia miche yao. Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangecheka.

Mkewe alikuwa mwisho wa tuta, amevaa glavu za mpira zilizomzidi. Mche ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Msimamizi wa kitalu alikuwa kasimama pembeni anabembeleza.

"Mama yangu, vua hizo. Wewe ndiye uliyetufundisha sisi kwamba mzizi unasikilizwa kwa vidole. Utatumalizia miche."

"Nimezizoea," akajibu. Kisha akainua kichwa akamwona mumewe.

Hakimu alichuchumaa mbele yake na suruali yake ya kazi, viganja vikiwa kwenye udongo. Hakuwa na hotuba. "Zivue," akasema. "Mama watoto, nakuomba, zivue. Aibu ni yangu. Usinibebee."

Mkewe alisita, halafu akazivua, pengine zaidi kwa ajili ya miche kuliko kwa ajili yake. Akarudi kazini. Hakimu akatazama. Vidole vilikuwa vinene, ndiyo, na vyeusi kwenye viungo, na kidole kimoja kilitoboa udongo, vingine vikashusha mzizi mwembamba kama uzi bila kuukunja, kikarudi kile cha kwanza kufukia. Kazi ilikwenda haraka kiasi kwamba alishindwa kuona mahali mche mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Mgongo ulikuwa umekunjwa vilevile. Bega la kushoto lilikuwa chini, la kulia juu. Yule binti aliyekalia ndoo hakukosea hata mstari mmoja. Kila alichokiita kosa kilikuwa pale mbele yake, kinapumua, kinafanya kazi.

"Hilo bega," akasema. "Hilo bega limeshuka."

"Limeshuka."

"Tangu lini?"

Alifikiri, huku mikono ikiendelea. "Tangu kitindamimba wetu anajifunza kutembea. Nilianguka na debe pale kwenye ngazi za nyuma."

Kitindamimba wao alikuwa ameshaolewa.

"Linauma?"

"Asubuhi. Na kukiwa na baridi."

"Mama watoto, mbona hukuniambia?"

Mikono ikasimama. Akamtazama moja kwa moja, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka.

"Nilikuambia," akasema. "Nimekuambia mara nyingi, baba."

Hakimu aliinamisha uso, na machozi yaliyomtoka hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa na udongo. Mkewe alimwacha alie. Baada ya muda akasogeza kwake ndoo iliyokuwa tupu, akasema tuta la mwisho halijamwagiliwa maji. Hakimu akainuka akaichukua. Bomba hakujua liko wapi, ikabidi aulize.