Kuisubiri Damu ya Masinde

Muhonja alikuwa mjane wa Shinyalu, mchuma chai katika mashamba ya watu. Mumewe alifariki kabla mtoto wao wa mwisho, Masinde, hajaota jino. Hapo ndipo Muhonja alipopimwa hospitalini Kakamega, akaambiwa ana virusi vya Ukimwi. Mtoto naye akatolewa damu, majibu yakaja yaleyale.

"Basi naye anakufa," alisema Muhonja, wala hakuwa akiuliza.

Sista Jepkorir, muuguzi wa kliniki, alivuta kiti akakaa karibu naye. "Hatujui, mama. Mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake ndani ya damu. Kipimo chetu huona hiyo kinga tu, hakiwezi kutuambia ni yako au ni yake. Lazima yako iishe kwanza."

"Itaisha lini?"

"Akifika mwaka na nusu. Na awe ameacha kunyonya."

Muhonja akarudi nyumbani na mtoto ambaye hakuna aliyeweza kumwita mzima wala mgonjwa. Masinde akikohoa, alimgusa paji la uso. Akicheka, aliogopa kucheka naye. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alimfunua mdomo kutafuta vidonda.

"Usijimalize kwa huyu," mama mkwe wake, Risper, alimwambia siku moja alipomkuta akikoroga uji wa wimbi. "Wale wakubwa bado wanakuhitaji."

Muhonja aliupoza uji akamlisha mtoto. Alipomwachisha ziwa, Masinde alilia kutwa akimvuta blauzi, naye akageukia ukuta.

Muda ulipotimia, damu ikatolewa tena, naye sista akakisikia kikohozi cha Muhonja mwenyewe. Siku ya majibu Risper alikuja bila kuitwa, akambeba mjukuu mgongoni njia nzima.

Sista alifunga mlango. "Hana," alisema. "Masinde hana virusi."

Risper aliketi sakafuni palepale akaangua kilio. Muhonja aliingoja furaha aliyokuwa akiiwaza miezi yote hiyo. Haikuja. Akaegemeza kichwa ukutani, kama mtu aliyetua kuni nzito.

"Na wewe, mama?" sista akauliza kwa upole. "Kile kikohozi?"

"Bado kipo." Alifumba macho. "Niache nikae kidogo tu, sista."

Foleni ilikuwa ndefu nje, lakini Jepkorir hakumwinua.