Mikwaruzo Chini ya Mpira wa Pikapu

Siku mbuzi wa jirani alipolila daftari langu la hesabu, pale kwetu Marafa, nilimshukuru sana yule mbuzi. Nikasema shule basi. Mama hakunipiga. Alinirudisha kwa mguu asubuhi tatu mfululizo, yeye mbele, mimi nyuma nalia, mchanga mtupu njia nzima. Shule yenyewe haikuniingia, waona mwenyewe mwandiko wangu, lakini miguu ile ya mama mbele yangu siisahau.

Na ndiyo inayonirudisha kwenye pikapu yetu, mwanangu. Jana uliinua mpira wa sakafuni ukaniuliza ile mikwaruzo ni ya nini, nawe grinda ya kukatia chuma iko mkononi, wataka kutia injini kubwa.

Nilikuwa kijana kama wewe. Injini ya pikapu hii ilikuwa imekufa, na goti la kulia la mama lilikuwa halikunjiki tena. Bila gari hafiki hospitali Malindi. Nikaenda Mariakani, nikarudi na injini ya lori. Ndefu hiyo! Nilitaka nikipita sokoni watu wageuke. (Nilikuwa na posa mahali, tuyaache hayo.) Ili iingie, ilibidi ukuta wa kebini ukatwe, injini ije mpaka ndani.

Fundi alikuwa Mzee Athman, Mbajuni aliyezoea mashine za boti kule Ngomeni. Aliitazama injini, kisha akanitazama mimi.

"Gari hili hupanda nani?"

"Mimi na mama."

"Basi kamwite mamako."

"Mama anajua nini habari za injini?"

"Kwani wewe wajua? Kamwite, bwana."

Mama akaja, akapanda, akaunyoosha mguu wake. Mzee Athman akatoa msumari. "Niwie radhi, mama," akasema, akachora sakafuni kuzizunguka nyayo zake zote mbili. Kisha akapima kwa kamba kutoka pale kwenda mbele.

"Nafasi yako ya injini ndiyo hii," akaniambia. "Tukitia hilo dude lako, mguu wa mamako tuufunge juu ya boneti?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilinuna siku mbili.

Tukatia dizeli ndogo. Kwenye kilima ilikwenda taratibu hata mbuzi wakitupita, lakini mama aliipanda miaka yote iliyomsalia, mguu wake umenyooka.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na injini. Anza na watakaopanda. Mwite mkeo, ampakate mtoto, wakae, uone miguu yao inafika wapi, ndipo uende kutafuta chuma. Mwenyezi Mungu aitulize mikono yako, na akukutanishe na mtu wa kukukatalia mapema.

Mimi wangu sikumshukuru. Siku ya kumaliza nilikuwa nikimfungia mama mlango. Nilipogeuka, Mzee Athman alikuwa amekwisha kunawa mikono, mkoba begani, aenda zake. Nikasema nitamwambia kesho. Hakuja tena.