Walinivunja Taya kwa Ajili ya Gurudumu

Naitwa Issa, mtu wa Ufukoni. Kabla sijaanza niwaombe radhi: nikifungua mdomo sana taya langu linalia "ka", kama kitasa kibovu. Mkilisikia msishtuke. Sista wa wodi hii ameniomba niseme nanyi mliolala hapa, na ndugu zenu wanaowauguza, kwa kuwa mimi nami nililala kitanda kama hivyo. Sikuja kuwahubiria. Nimekuja kuwaeleza nilivyopigwa, nilivyoumwa na nilivyosimama tena.

Wazazi wangu ni wakulima wa korosho na mihogo upande wa Madimba. Mimi jembe lilinishinda mapema, nikaja mjini kujifunza kompyuta. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili intaneti ilikuwa kitu kipya huku kwetu. Mwenye duka mmoja karibu na soko akaweka dishi juu ya bati na kompyuta chache, zile za zamani zenye kioo cha chogo, kizito na kinene kwa nyuma, akaniajiri nizisimamie. Nilikuwa nimemwoa Somoe, naye ana mimba ya kwanza. Nilikuwa naringa, jamani. Shati ndani ya suruali, funguo kiunoni, watu wananiita fundi.

Asubuhi walikuja watu wa barua pepe, mchana wakaja watu wa kasino. Kwenye mtandao kulikuwa na michezo ya kasino ya bure, ya kujaribia, isiyotaka kadi ya benki. Gurudumu lenye namba linazunguka, kijipira kinarukaruka, mwisho kinaangukia namba. Watu wetu wakawa wanatazama gurudumu la bure, halafu wanawekeana dau la kweli mezani. Nilimwambia mwenye duka kwamba hiyo ni kamari. Akanijibu, "Mimi nakodisha dakika. Wanachotazama hakinihusu."

Mwanzoni wachezaji walikuwa watu wazima. Niliyempenda zaidi ni Mzee Mushi, Mchaga aliyekuwa karani bandarini. Alikaa kwenye kompyuta ya kona, akalianzisha gurudumu na kuliacha lizunguke mpaka lichoke lenyewe, huku anafuta miwani. "Raha yenyewe ndiyo hiyo, Issa," alikuwa akisema. "Likishasimama, raha imekwisha."

Kisha wakaja vijana. Hawa hawakutaka kuona kijipira. "Ruka hiyo! Ruka!" wanapiga kelele na kugonga kitufe mpaka kinang'oka. Na wenye kasino huko waliko wakawasikia. Mchezo ule ule ukaja na kitufe cha kuruka mzunguko: unabonyeza, namba hiyo hapo. Baadaye ikaja michezo isiyo na gurudumu kabisa, picha tatu zinashuka pap, umekula au umeliwa. Niliona watu wakibadilika mbele ya macho yangu. Zamani gurudumu likizunguka mtu alipata nafasi ya kupumua, kutania, hata kukumbuka kwamba mkewe anamsubiri na unga. Kwenye ile ya haraka nafasi hiyo hakuna. Anayeliwa anabonyeza tena kabla hajahisi kwamba ameliwa, na akija kuhisi, maumivu yote yanamjia kwa mpigo. Hapo ndipo ngumi zilipoanza. Walipiga meza, wakapiga vioo, wakaja kupigana wao kwa wao. Kijana mmoja aling'atwa sikio, kipande kikabaki sakafuni. Nilikifagia mimi.

Aliyenipiga mimi anaitwa Dulla. Sikumkosea kitu.

Ilikuwa Jumamosi baada ya Alasiri, wingu limetanda. Dishi letu likiona wingu lilikuwa linagoma. Dulla na wenzake walikuwa wameweka dau kubwa, na kile kitufe cha kuruka hakikufunguka, kwa hiyo ikabidi walisubiri gurudumu. Gurudumu likakwama. Katikati ya kioo kikabaki kiduara kidogo cha kusubiri. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nahangaika na waya. Dulla akaita, "We Issa, vipi huko?" Nikajibu bila kugeuka, "Tulieni, ngoja niizungushe tena."

Nilisema niizungushe, yaani kompyuta, niizime na kuiwasha upya. Yeye akasikia niwazungushe.

"Utuzungushe tena?" akasema. "Kumbe siku zote ulikuwa unatuzungusha!"

Kila aliyewahi kuliwa pale akaamini papo hapo kwamba ni mimi niliyekuwa nazuia namba yake huko nyuma kwenye waya. Kibodi ikatua kisogoni kwangu, herufi zikaruka. Nikageuka ili niseme, nikapokea ngumi ya mdomo. Nikaanguka kati ya meza na ukuta, mahali ambapo mtu hawezi hata kujikunja, wakanikanyaga mbavu, tumbo, uso. Nilikuwa nasema "jamani, jamani," na kila nikisema naingiziwa kiatu mdomoni. Kisha Dulla akang'oa kioo kizima na chogo lake, akakiinua kwa mikono miwili, akanibwagia kichwani. Nilisikia taya likivunjika. Si mlio mkubwa, ni kama unapovunja muhogo mbichi. Meno mawili niliyameza pamoja na damu.

Akakiinua tena. Mzee Mushi ndiye aliyemrukia mgongoni, mtu mzima na miwani yake, akamkaba shingo mpaka wakaanguka wote wawili juu ya miguu yangu. Dulla akamng'ata mkono, akachomoka. Mdogo wangu Saidi alipopata habari alichukua panga akamfuata mpaka kivuko cha Kilambo, akaambiwa keshavuka mto kwenda Msumbiji. Mimi wakati huo nilikuwa siwezi kusema, lakini moyoni nilisema, laiti angemkuta. Sitawaficha.

Nilizinduka hospitali, kidevu kimening'inia upande, damu inatoka sikioni. Daktari, mama mmoja mpole asiyependa kuzungukazunguka, akaniambia, "Issa, una mambo mawili. Taya limevunjika pande zote mbili, hilo tutalifunga kwa waya. Na mfupa wa nyuma ya sikio una ufa. Huko ndani ndiko mwili unakojua juu ni wapi na chini ni wapi. Huko hatuna cha kufunga."

Wakanifunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Nikawa mtu wa uji mwembamba na supu ya kuchujwa, kwa mrija, kupitia pengo la meno yaliyotoka. Mdomo ulinuka mpaka nikawa najinukia mwenyewe. Lakini taya lilikuwa afadhali. Adui alikuwa kizunguzungu. Si kile cha njaa mnachokijua. Nikigeuza kichwa kidogo tu, chumba kinang'oka na kurushwa, mimi nimeshika godoro kwa kucha. Nilijikojolea mara nyingi kwa kuogopa kuinuka.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimwita Somoe pembeni, akampa koleo la kukatia waya. "Huyu akitapika na waya mdomoni, matapishi yatamziba na atakufa," akamwambia. "Usikimbie kuita mtu. Kata hapa, hapa, na hapa." Somoe akalifunga koleo kwa kamba kwenye tendegu la kitanda chetu.

Siku ya kulihitaji koleo ikaja, asubuhi, jua limeshachomoza. Nilijiona nina nafuu, nikainuka kwa haraka kama mtu asiyeumwa. Nyumba ikageuka juu chini, tumbo likasukuma, na uji wote ukaja mdomoni ukakuta mlango umefungwa. Ukatokea puani. Ukarudi kooni. Nilijikwaruza shingo mpaka ngozi ikatoka. Mama yangu, aliyekuja kutoka shamba kuniuguza, alikuwa mlangoni anapiga mayowe, "Ntoto wangu anakufa! Ntoto wangu!" Somoe, na tumbo lake la miezi ya mwisho, alipanda kitandani, akanikalia kifuani, akanishika nywele kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Koleo lilikata waya na mdomo wa chini pamoja. Hili kovu mnaloliona hapa ni la mke wangu, si la Dulla. Akanipindua ubavu, akaingiza vidole mpaka kooni, akachokoa. Nilipovuta pumzi ya kwanza niliisikia inavyochana. Alikuwa ametapakaa damu na uji mpaka kwenye nyusi, ananiangalia kwa hasira kana kwamba nimefanya makusudi.

Walinifunga waya upya. Binti yetu Zainabu alizaliwa siku si nyingi baadaye, nami nikamwona nikiwa nimelala, ameegeshwa kwenye kwapa langu. Kumbeba nimesimama, hapana. Kila aliyemchukua alimbeba akizunguka naye uani: Saidi, majirani, watoto wa jirani wenye kamasi. Mimi baba nilikuwa nabebewa mwanangu ili nimtazame.

Waya ulipotolewa, kizunguzungu kilibaki. Siku moja Somoe alikwenda bombani, mtoto akalia. Nikasema leo simwachii mtu. Nikamnyanyua, nikasimama. Nilikuwa sawa kabisa, naapa. Kisha mtu akapita nje, nikageuka ghafla kutazama, na sakafu ikanijia usoni. Nilianguka na mwanangu. Kichwa chake kiligonga kizingiti, kipaji cha uso kikapasuka, damu ikamjaa macho. Somoe aliingia na ndoo kichwani akaiacha ianguke. Alimwokota mtoto kwanza. Halafu akanizaba kibao palepale kwenye taya lililounganishwa juzi.

"Humbebi tena," akasema. "Humbebi mpaka siku nitakayokupa mimi mwenyewe. Ukimgusa kabla, narudi kwetu naye."

Mtoto alishonwa, akapona. Mimi nililia siku hiyo kuliko siku niliyovunjwa taya.

Nikarudi kwa yule daktari, safari hii kwa adabu. Akaniambia, "Kichwa chako kinatakiwa kifundishwe upya. Utakigeuza kidogo, kitakuumiza, utakigeuza tena. Ukitaka haraka utaanguka. Ukiacha kabisa, utabaki hivyo." Nilichukia sana zoezi lile. Kugeuza shingo kushoto, kulia, macho yametulia mahali pamoja, halafu kutapika kwenye beseni. Ningeliacha kama si Mzee Mushi. Alikuja nyumbani na karata zake, akatandika jamvi, akaweka karata moja mbali kushoto na nyingine mbali kulia.

"Soma," akasema.

"Saba ya uru," nikasema, nikageuka. "Jike la kopa." Nikatapika.

"Tapika, nakusubiri," akasema, akavua miwani na kuifuta. "Mimi sina haraka. Mwenye haraka yuko Msumbiji."

Tulicheza hivyo msimu mzima wa korosho na ule uliofuata. Kwanza nimekaa, halafu nimepiga magoti, halafu nimesimama na mgongo ukutani, mwisho natembea uani yeye ananyanyua karata huku na huku kama mwenda wazimu. Alikuwa na alama za meno kwenye mkono aliokuwa ananyanyulia.

Katikati ya nafuu hiyo nilipita kule dukani, nikachungulia dirishani. Vioo vipya, vyembamba, intaneti inakwenda mbio. Gurudumu sikuliona. Vijana wanabonyeza tu, wanabonyeza, hakuna anayecheka, na ukuta wa upande wa kiti changu una tundu la ngumi. Niliondoka. Watu wananiuliza kama nimemsamehe Dulla. Sijamsamehe, na msiniulize tena.

Ninaowashukuru ni hawa: Mungu, yule daktari, nesi wa koleo, na Mzee Mushi, ambaye leo amestaafu na bado ananifunga kwenye karata. Na ninyi mnaouguza, sikilizeni. Aliyeumia kichwa akisema nyumba inazunguka, msimwambie ajikaze. Mleteni hapa. Aliyefungwa taya asikae peke yake, na anayekaa naye ajue koleo liko wapi. Nawe uliyelala, ukisikia nafuu, inuka kwa vituo: viwiko, kaa, ngoja, ndipo miguu. Vijana walionipiga hawakuweza kungoja gurudumu. Wewe utangoja miezi, na utakasirika, na kasirika tu, lakini ngoja.

Somoe hajaja leo, ana kazi shambani. Asubuhi moja, Zainabu akiwa keshaanza kuita majina ya watu, Somoe alikuwa anatoka kwenda huko huko shambani. Mtoto akalia, akimng'ang'ania kanga. Saidi alikuwa amekaa barazani, mikono mitupu. Somoe akampita. Akaja mpaka niliposimama, akanitazama miguu, akanitazama macho, akamweka mtoto mikononi mwangu.

"Shika mwanao," akasema.

Kisha akachukua jembe lake akaondoka, na hakugeuka kutazama nyuma.