Nilimpa afande jina la mwizi, wakamvunja mkono shemeji yangu

Admin, ukiposti hii ondoa jina langu na picha yangu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita. Niko na wasichana wawili, Masika ameanza shule, Biira bado ananyonya. Tunaishi na mume wangu upande wa Bwera, nauza vitunguu na nyanya karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Shule niliiacha njiani na Kiswahili changu ni cha sokoni, mtanivumilia. Usingizi wenyewe sina siku hizi.

Wale wa mbali niwaeleze kitu kimoja kwanza. Kwetu sisi Bakonzo jina linafuata kuzaliwa. Kijana wa kwanza anaitwa Baluku, wa pili anaitwa Bwambale; wasichana nao ni Masika, kisha Biira. Kwa hiyo nikiandika Bwambale hapa simfichui mtu, kila nyumba iko na wake. Mume wangu ni Baluku. Mdogo wake anayemfuata ni Bwambale, fundi wa plasta, kijana mpole ambaye hawezi kufokea hata mbuzi.

Mama yangu mzazi ni mjane, analima kahawa huko Nyakiyumbu. Msimu huu wezi waliingia shambani kwake wakakwangua yote, mbivu na mbichi. Mchana wake nikaona gunia la mama limefungwa kwenye pikipiki nyekundu inaelekea mpakani. Nililijua kwa kiraka, maana nilikishona mimi mwenyewe kutoka sketi yangu ya shule. Mwenye pikipiki ni Bwambale mwingine kabisa, yule anayeuza petroli ya chupa pale kona.

Sasa kuna afande mmoja amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Mkonzo mwenzetu, mtoto wa milima ya Bwesumbu. Kila mkutano wa kijiji anasimama anasema, "Ukiona, sema. Jina lako litabaki kwangu." Mimi nilimwamini. Alikuwa anakula kwangu, Masika anamwita baba mdogo. Nikaenda kwenye kile kituo chao kidogo na Biira mgongoni, nikamwambia ni Bwambale wa kona, wa pikipiki nyekundu.

Akacheka. "Huyo? Si amenibeba jana tu! Rudi nyumbani, Mama Masika, umeisaidia serikali."

Nikarudi nimefurahi, hata nikampigia mama simu.

Kesho yake asubuhi shemeji yangu alikuwa juu ya jukwaa anapiga plasta. Gari ya polisi ikasimama. Wakauliza, "Nani Bwambale hapa?" Akajibu, "Ni mimi, afande," akaweka mwiko chini kwa adabu. Walimshusha kwa fimbo mbele ya mafundi wenzake, na afande wetu amesimama pembeni anaangalia. Mkono wa kulia ukavunjika. Yeye ni wa kupiga plasta, sijui mnanielewa.

Mama mkwe alikimbia kituoni analia. Afande akamwambia, "Mama, usitulaumu sisi. Jina lililetwa na mke wa Baluku." Ni kweli jina nililipeleka. Lakini halikuwa la mtoto wake! Yule afande alijua ni la nani, na alinicheka nikilitaja.

Tangu hapo mama mkwe hapokei salamu yangu. Watoto wakienda kwake anawarudisha mlangoni. Sokoni nikifika wanasema, "Nyamazeni, Redio imefika." Na yule wa kona, hata siku moja hajaitwa kituoni. Anapita na pikipiki yake polepole, ananiuliza, "Mama Redio, leo habari ni gani?"

Nilipeleka uji hospitali. Shemeji aligeukia ukuta, akaniuliza, "Shemeji, nilikukosea wapi?" Nikamweleza yote, nalia na mtoto naye analia. Shemeji akasema, "Basi haya maneno yapeleke kule walikonivunjia. Hapa kwa kitanda hayanisaidii."

Malalamiko ya mama mkwe yamefika Kasese, makao ya wilaya. Wakubwa wa polisi watakuja wiki ijayo kutuuliza mmoja mmoja. Afande alisikia. Akaja kwangu mchana na sukari mkononi, akambeba Biira kama zamani.

"Mama Masika, polisi nao ni watu, wanakosea. Bwambale iko mingi hapa. Wakikuuliza, sema ulitaja Bwambale, basi. Si ulitaja Bwambale?"

"Nilitaja wa kona. Na wewe ulicheka."

Akanirudishia mtoto taratibu. "Nani alisikia? Ni mimi na wewe. Na wewe unaenda soko kila siku, mutoto anabaki hapa."

Mgeni kutoka Kampala angesema amekosea, ningemwelewa. Huyu mama yake aliwapa watoto majina hayo hayo. Alijua kabisa mtu akiuliza "nani Bwambale" kwenye mjengo, lazima atapatikana mmoja.

Sukari yake niliirudisha mlangoni kwake siku hiyo hiyo. Mume wangu anasema, "Ukisema, tutahama. Usiposema, mama hatakuita mke wangu tena. Mimi nimeshindwa." Moyo wangu unataka kusema, mbele ya shemeji, nikimtazama huyo afande machoni. Lakini wakubwa watapanda gari yao warudi Kasese, na mimi nitabaki naye, mlango kwa mlango, na wasichana wangu. Akinifanyia kitu nitakimbilia polisi gani?

Wenzangu, msiniambie niombe tu, naomba kila siku. Nawauliza ninyi mliowahi kusimama mkamtaja polisi mbele ya wakubwa wake: mlisikilizwa? Na mliporudi nyumbani, mlilindwa na nani? Nijibuni kabla hawajafika, hasa ninyi wamama wenye watoto wadogo. Niseme, au ninyamaze?