Kiingereza cha Nyanya cha Hasira

Juzi hita yetu ya kupasha nyumba joto ilizimika, nikawapigia simu wenye nyumba. Kijana wa upande wa pili akaniambia, kwa sauti laini, kwamba anaelewa kabisa nilivyo "upset", yaani nilivyoudhika. Rafiki yangu, nilikaribia kucheka, maana nilimkumbuka nyanya.

Nyanya ndiye aliyetulea hapa ugenini Edmonton, ghorofa ya tatu, mama akiwa kazini kutunza wazee wa watu. Nyumba ilinukia chapati na iliki. Kiswahili cha nyanya kilikuwa cha mapenzi na cha kututuma dukani. Kiingereza, alichofundishwa na wamishonari kwa Biblia ya zamani, alikiweka akiba kwa mambo mazito. Kwake yeye mtu hakuwa "angry", alikuwa "wroth", neno la kale la ghadhabu. Huzuni nayo ilikuwa "dolour". Jirani Mwingereza alipofiwa na paka, nyanya alimpelekea bakuli la uji, akamwambia, "I share thy dolour." Sisi watoto tulitamani ardhi itumeze. Jirani alilia, akaunywa uji wote.

Kisha ukaja ule mwaka wa baridi kali, na hita ikafa. Kifua cha nyanya kikawa kinapiga miluzi. Kila asubuhi mama aliwapigia simu wenye nyumba, akisema yuko "very upset". Walimjibu kwamba wanaelewa. Fundi haji. Mimi niliogopa nyanya atatufia.

"Hebu nipe hiyo simu," nyanya akasema siku moja. Kwanza akajifunga leso kiunoni, kibwebwe hasa, kama vile huyo mtu angemwona.

"Young man, I am wroth."

"Sorry, madam, you are what?"

"Wroth. And tomorrow I shall be exceeding wroth!"

Hao watu "upset" walishaizoea. Hii ilikuwa mpya kwao. Kabla ya mchana fundi alikuwa sebuleni kwetu, mabomba ya joto yakaanza kugonga, nasi tukapiga vigelegele jengo zima likasikia. Nyanya akafungua leso. "Haya, mpeni fundi chai."

Nyanya hayupo tena. Jengo lile limebomolewa, na maneno yake siyasikii hata kwa Waingereza wenyewe. Nina hamu nayo sana.

Basi juzi, simu ikiwa sikioni, binti yangu alikuwa ananitazama. Kisa hiki nimemsimulia mpaka kimemchosha, na siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Akaingia chumbani, akatoka na leso, akanirushia.

"Jifunge, mama."

Nikajifunga, nikakaza.

"Young man," nikaanza.