Baba Mkwe wa Kuazima

Nilipoambiwa nifike ofisi ya uhamiaji mimi mwenyewe, pamoja na mke wangu, nilikaa na habari hiyo kifuani wiki nzima bila kumwambia.

Si kwamba nilikuwa na kosa na serikali. Kwa serikali nilikuwa safi. Nilivuka mpaka pale Sirari nikiwa kijana, fundi wa mitambo ya barafu, nikaajiriwa na kiwanda cha minofu ya sangara ambacho kilikuwa kikitafuta watu wa kazi hiyo kwa udi na uvumba. Pasipoti yangu ya Kenya ilikaa kwenye droo ya ofisi ya kiwanda. Kibali kikiisha, kiwanda kinashughulikia kingine. Mimi nilivaa mabuti, nikashika spana, nikaitwa fundi, na sikuwahi kusimama kwenye foleni ya karatasi hata mara moja.

Niliyemdanganya ni mke wangu.

Nilimpata Buhongwa, kwa Wasukuma, binti wa mfugaji. Nilipotuma habari kwamba nataka kuposa, baba yake aliuliza jambo moja tu kupitia kwa shangazi wa binti: huyo Mjaluo ni wa upande gani? Mzee huyo alikuwa na dada aliyeolewa na mtu wa ng'ambo ya mpaka. Akapotelea huko, na nduguze wakasikia amekufa wakati ameshazikwa. Basi akaapa. Mjaluo wa Rorya sawa, huyo ni Mtanzania mwenzetu, kukiwa na tatizo tunapanda basi tunamfuata. Wa kuvuka mpaka hapana, hata aje na zizi zima.

Wajaluo tuko pande zote mbili. Lugha ni ileile, na majina ni yaleyale. Ningeweza kwenda kwa yule mzee, nikakaa chini, nikamwambia mimi ni wa ng'ambo na binti yako sitampoteza. Pengine angekataa. Pengine angenizungusha mwaka mzima kisha akakubali. Sikutaka kungoja nijue. Nilisema mimi ni wa Rorya.

Lakini mposaji haendi peke yake. Wazee wa kwao lazima waonekane, wakae, waulizwe, waombe ng'ombe wapunguzwe. Baba yangu alikufa nikiwa shule ya msingi, na wajomba na baba wadogo wote walikuwa ng'ambo. Kiwandani kulikuwa na mlinzi wa getini, mtu wa Rorya, kichwa kimejaa mvi, mke wake amekufa siku nyingi. Nilimfuata na soda.

"Unataka niwe baba yako?" aliniuliza.

"Siku moja tu, mzee."

"Baba wa siku moja! Wewe umezaliwa au umeokotwa?" Akacheka mpaka akashika geti. "Haya. Nitafutie koti."

Nilimtafutia koti. Wapakiaji wawili wa kwao wakawa baba zangu wadogo. Huko Buhongwa yule mlinzi alisema vizuri kuliko ndugu yangu yeyote angeweza kusema. Alisifia maji, akasifia ng'ombe, akahuzunika kwa marehemu mke wake mpaka wanawake wakatikisa vichwa, na wakati wa mahari akabishana kwa utani mtamu hata mzee wa Buhongwa akapunguza mwenyewe. Walipoagana walishikana mikono kama watu waliosoma pamoja.

Hapo ndipo nilipokwama. Baba wa siku moja hakuisha siku ile. Mke wangu alimpenda. Kila mlinzi alipokuja kwetu, mke wangu alimpigia magoti kumwamkia, akampikia, na yeye mwenyewe akakaa mbali wakati mkwe anakula, kwa heshima. Krismasi tulikwenda Rorya. Watoto wa mlinzi waliniita kaka, na midomoni mwao kulikuwa na kicheko ambacho mimi tu nilikiona. Mlinzi alipokufa, mke wangu aliingia uwanjani kwao akilia kwa sauti, akanyoa nywele. Mimi niliitwa kutangulia kutupa udongo kaburini kwa kuwa nilihesabiwa mwana mkubwa. Mwanawe mkubwa wa kweli alinipa koleo bila kuniangalia usoni.

Na mama yangu alikuwa hai wakati huo wote. Aliishi ng'ambo, kando ya ziwa hilihili, na dada yangu. Nilituma msaada, nilipiga simu nikiwa kiwandani. Kila simu aliuliza, "Mke wetu utamleta lini?" Nikasema watoto wadogo. Nikasema njia mbaya. Nikasema mwakani. Nilipopata nafasi ya kwenda, nilikwenda peke yangu, na nyumbani nikasema nimetumwa na kiwanda.

Mama alipofariki, dada yangu alinipigia asubuhi. Nilimwambia mke wangu nakwenda Nairobi kutafuta spea ya kompresa. Nilimzika mama. Wakati wa kurudi nilisimama mjini nikanunua spea ambayo kiwanda hakikuihitaji, ili niwe na kitu mkononi nikifika.

"Umeipata?" mke wangu aliniuliza mlangoni.

"Nimeipata."

Akanipokea mfuko, akasema mzito, akaniwekea maji ya kuoga.

Baba mkwe wa Buhongwa naye alikufa akiamini. Baada yake hakukuwa na mtu wa kumwogopa tena. Ningeweza kusema. Sikusema, kwa sababu uongo ule ulikuwa umeshatulia kama samani, na mimi nilikuwa naupita tu nikienda kulala.

Kisha sangara walipungua, kiwanda kikafunga baadhi ya laini za uzalishaji, na meneja akaniambia hawataomba kibali kingine kwa mtu wa umri wangu. Nilitoka pale nikiwa mgeni asiye na mwenyeji. Nyumba yetu iko Buswelu, watoto wamekulia hapo, na sheria ilikuwa inanihesabia siku za kuondoka. Msichana wa ofisi ya kiwanda ndiye aliyenieleza kwamba fundi aliyekaa nchini muda mrefu kwa ujuzi wake, mwenye mke na makazi, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ila kiwanda hakiwezi kumwombea. Anakwenda mwenyewe, na mke anaitwa kuhojiwa.

Nilimwambia mke wangu kuna karatasi za kustaafu zinazomhitaji. Hata hapo sikuacha. Nilijipa moyo kwamba watamsalimia, watamuuliza kama ananifahamu, basi.

Alivaa kitenge chake kizuri. Ofisa alikuwa dada wa umri wa binti yetu mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshahojiwa naye mapema peke yangu, na nilimwambia ukweli wote wa kwetu, kwa kuwa kwa serikali sikuwahi kudanganya. Kisha akamwita mke wangu ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Mama, wakwe zako unawafahamu?"

"Kabisa. Baba mkwe tumemzika sisi wenyewe, Rorya. Mama mkwe sikumkuta."

Ofisa alinitazama. "Mzee, wewe umeniambia kwenu ni Kenya."

Mke wangu akacheka, kicheko kile cha kumsaidia mtoto aliyekosea. "Mwanangu, hapo mmechanganya watu. Huyu ni Mjaluo wa huku huku. Ng'ambo hana hata ndugu mmoja."

Hakuna aliyecheka naye. Ofisa aliweka kalamu chini. "Mzee," alisema taratibu, "hili mweleze mama wewe. Mimi siwezi kumweleza."

Nilieleza. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema baba yako alikuwa amekataa watu wa ng'ambo, ndiyo maana. Nilisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa ndogo, sababu hiyo, baada ya miaka yote ile.

"Yule mzee wa Rorya alikuwa nani?"

"Mlinzi wa getini."

"Nimempigia magoti mlinzi."

"Alikuwa mtu mwema."

"Sijasema hakuwa mwema. Na mama yako?"

"Alifariki."

"Lini?"

"Ile safari ya Nairobi. Ya spea."

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, na nakumbuka niliisikia kwamba beringi yake imekufa, na nikaona aibu kwamba naweza kusikia kitu kama hicho wakati ule.

"Nilikuuliza kama umeipata," alisema.

Ofisa alimwambia kwa upole kwamba maombi hayawezi kuendelea bila kauli ya mke, na kwamba akitaka muda, apewe muda. Nilijua basi kwamba kukaa kwangu Buswelu au kurudishwa kwenye nchi ambayo sina hata banda ndani yake kulikuwa mdomoni mwa mke wangu, na kwamba angekataa asingekuwa amenionea.

"Sihitaji muda," alisema. "Andika anaishi nyumbani kwetu. Andika amesomesha watoto, hilo kweli. Andika hajanipiga. Lakini hilo la kwamba namfahamu, usiandike."

Dada yule aliandika, akamsomea. Mke wangu akatia sahihi.

Nyumbani hakugombana. Ningefurahi angegombana. Alipika, akaniwekea chakula, akala jikoni na binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Siku ya tatu alisimama mlangoni akanyoosha mkono.

"Namba ya wifi yangu."

"Ya nini?"

"Ya kwenda kulia. Nina msiba wa mkwe, sijaulia."

"Nisubiri jibu litoke, twende wote. Pasipoti yangu wanayo wao."

"Nani amekualika?"

Alikwenda na binti yetu. Dada yangu alinipigia walipofika, anaongea na kulia. "Wifi ameingia uwanjani na kilio mpaka majirani wametoka. Ametulilia mama kama amekufa jana. Sasa tumekaa naye, anauliza mama alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kula nini. Na wewe, kaka, ni mtu wa aina gani wewe?"

"Mpe simu."

"Hataki."

Binti alirudi kazini kwake. Mama yake akabaki. Mwanzoni alisema anamaliza matanga, kisha anamsaidia wifi yake kuvuna mtama. Baada ya hapo hakusema chochote, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza sababu.

Jibu lilitoka wakati wa mvua. Nilitakiwa nikachukue mwenyewe. Yule dada wa uhamiaji alinikabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mzima kitu, akaniuliza mama hajambo. Nilimwambia yuko Kenya, kwa dada yangu, na sijui atarudi lini. Hakusema hongera. Alisema, "Pole, mzee."

Nilitoka nje nikasimama chini ya baraza, mvua inapiga mabati, nikapiga simu. Siku hiyo alikubali kuipokea.

"Nimekubaliwa," nilimwambia. "Nimeruhusiwa kukaa moja kwa moja."

Nilisikia kuku nyuma yake, na sauti ya dada yangu ikimwita kwa Kijaluo, naye akiitika kwa Kijaluo, neno moja alilokwisha kujifunza.

"Haya," alisema. "Kaa basi."